Kidani cha Shangazi

Jamani, leo nimerudi nyumbani nimevaa blauzi ya shangazi yangu, inayonitosha mara mbili, na mtaa mzima umeniona. Kabla hamjacheka, nisikilizeni.

Kazi yangu mnaijua. Tangu nimalize chuo natengeneza vidani vya vichupa vya manukato vya zamani, vile vya kioo walivyovificha mabibi kabatini. Nakiosha kichupa, nakizungushia waya wa shaba, nakitundika kwenye mkufu. Watu huniletea wakidai wanataka kizibo kitengenezwe tu, kumbe roho inataka kidani, mdomo unaona haya. Nimeshawazoea.

Basi juzi shangazi akaniletea chake. Cha samawati, kidogo kama kidole gumba, kizibo cha kioo kimeng'ang'ania. Alikuwa amekihangaikia miaka, anaogopa kukivunja. "Nifungulie tu, mwanangu. Mengine usihangaike nayo." Nikajisemea, haya, mwingine huyo.

Leo asubuhi nikakifungua. Unazungusha uzi wa pamba shingoni mwa kichupa, unauvuta huku na huku mpaka kioo kipate joto, unadondosha mafuta, kizibo kinalegea chenyewe. Ndani mlikuwa na ute wa kahawia, wenye harufu tamu ya kukereketa, kama maua yaliyosahauliwa ndani ya begi. Nikaumimina kwenye sinki, ukanirukia kwenye mkono wa blauzi, nikakasirika maana nilikuwa nimeipiga pasi. Halafu siki na mchele mbichi wa kusugulia ndani, nikatikisa mpaka kikang'aa. Waya, mkufu, kisanduku, utepe. Nilijipenda, sisemi uongo.

Mbio mpaka kwake. Nikamkuta jikoni na jirani yake, yule fundi cherehani asiyekosa mzaha. Nikamwambia shangazi afumbe macho, nikamvika. Fundi akasema sasa mume atafutwe upya, huyu wa zamani haendani na kidani. Shangazi hakwenda hata kwenye kioo. Alichomoa kizibo, akakipeleka kichupa puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Umekiosha?"

Nikamwambia nimekiosha mpaka basi, kifua mbele.

Akakaa. Akaanza kumweleza fundi, si mimi, kwamba mama yake, yaani bibi yangu, alifariki yeye akiwa bado anabebwa. Sura yake anaijua kwa picha. Sauti haijui. Alichobaki nacho ni harufu ya shingo, na hata hiyo hana uhakika kama anaikumbuka au amejitungia. Kichupa kilikuwa cha mama huyo, ndiyo maana alitaka kunusa.

Fundi akaangalia sufuria. Mimi nilitamani nigeuke moshi nitokee dirishani. Nikaanza kubwabwaja, nitatafuta manukato yanayofanana, nitazunguka maduka yote, shangazi sikujua.

"Hukuuliza," akasema, wala hakupandisha sauti.

Nikamkumbatia kwa kukosa la kufanya. Alikuwa amekauka kama ubao. Kisha nikahisi ametulia, namna nyingine kabisa. Akanishika mkono, akauleta usoni, pale penye doa, akabaki hapo. Chai ikafurika jikoni na hakuna aliyeinuka.

"Ni yeye," akasema. Halafu akanitazama. "Vua."

"Shangazi, hapa hapa?"

"Vua blauzi."

Nikavua mbele ya fundi, na fundi akainuka kuepua sufuria. Shangazi akaikunja, doa likae ndani, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akakaza fundo. Akanitupia blauzi yake ya kazini. Kidani akakivua, akanirudishia pamoja na kisanduku na utepe wake.

Nimepita kwa muuza mkaa, kwa kinyozi, mabega ya blauzi yananing'inia, kila mtu anauliza nimekumbwa na nini. Nimeongeza mwendo tu.

Kidani kiko hapa mezani. Kinapendeza sana, na hilo ndilo linaloniuma. Nimekifungua tena na tena kunusa. Siki tupu.