Mashina Sita Nyuma ya Zizi

Puseletso alitumia asubuhi nzima kuvaa. Alifunga kifungo kimoja, akalala. Akafunga cha pili, akalala tena. Huu ulikuwa mwaka wa sita tangu homa imwangushe juu ya cherehani katika kiwanda cha jinzi, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu zake zote. Hospitali ilipima damu, ikaiona safi. Kijiji nacho kilipima kwa macho, kikampa jina: mvivu.

Kilichomsaidia kilikuwa kimoja tu, chai ya bangi. Ilimpa usingizi, na saa mbili tatu za kuwa mtu. Majani aliyachuma kwenye mashina sita yaliyoota nyuma ya zizi, na kwa hayo sita angeweza kufungwa.

Siku hiyo kamati ya serikali kutoka Maseru, mji mkuu wa Lesotho, ilikuwa inakuja barazani kwa chifu, kusikiliza kama wagonjwa waruhusiwe kupanda dawa yao. Mama Nthofeela, nesi mstaafu aliyeanzisha chama cha wagonjwa wa uchovu sugu, alikuwa amesugua mabenchi ya maofisini miaka mitatu ili siku hiyo ipatikane.

"Usinywe kitu leo, mwanangu," alisema. "Na ukifika usishuke kwenye toroli la kukubebea. Wakuone ulivyo."

"Niseme na chifu nimekaa, mama? Marehemu mama yangu si atafufuka anizabe kofi!"

"Heshima yako hiyo itatuponza."

Nesi alipotangulia barazani, na Tefo, kaka yake Puseletso, alipokwenda kuazima toroli, binti alikunywa kikombe kizima cha ile chai.

"Tefo, leo unauza maboga?" watu walicheka walipomwona akimsukuma dada yake. Jina la Puseletso lilipoitwa, alijitanda blanketi, akashuka, akasimama kama wanavyosimama wote wanaosema mbele ya chifu. Alieleza kiwanda, homa, miaka sita ya kitanda. Alisema vizuri mno, maskini, na hapo ndipo alipojiharibia.

Mwenyekiti wa kamati alivua miwani. "Huyu ndiye asiyeweza kusimama?"

Baraza likaangua kicheko.

"Leo nimeweza, baba, kwa sababu nimekunywa."

"Umekunywa nini?"

Mama Nthofeela alifumba macho.

"Bangi, baba. Si ndiyo niliyoitiwa?"

"Andika," mwenyekiti alimwambia karani, "mgonjwa amesimama bila msaada." Kisha akamgeukia askari aliyekaa pembeni. "Na wewe umesikia."

"Mmemwita aseme ukweli!" Mama Nthofeela alipiga kelele.

"Na ameusema, mama. Tunamshukuru."

Chifu alitazama viatu vyake.

Baadaye nyumbani, askari alipotoka nyuma ya zizi na mashina sita mkononi, mizizi ikidondosha udongo, chai ilikuwa imekwisha nguvu. Puseletso alikuwa chini, shavu kwenye vumbi.

"Inuka, dada, acha maigizo. Si ulisimama sasa hivi?"

Tefo alimbeba mpaka kwenye toroli. Askari akamrundikia mashina kifuani, kwani kielelezo cha kesi hubebwa na mwenyewe, akaamuru safari ya kituoni.

Njia ya kituoni siku hizi hukatiza katikati ya mashamba ya kampuni yenye kibali cha kulima bangi, palipokuwa na mtama wa baba yao. Mabanda ya plastiki yamejipanga mpaka mtoni, feni zinavuma humo mchana kutwa. Mlinzi wa kizuizi alinusa, akaruka kutoka kibandani.

"Simameni! Mmeitoa humu ndani?"

"Hapana," askari alimjibu. "Ni ya kwao, ya nyuma ya zizi."

Mlinzi alishusha pumzi. "Umenitisha, afande! Nilidhani wameiba dawa yetu."

Akainua kizuizi. Toroli lilipiga jiwe, jani moja likamwangukia Puseletso jichoni. Alitaka kulitoa. Mkono haukuinuka.