Chumvi ya Kuku wa Wageni

Eugenia sikumwamini tangu siku alipoletwa kuosha vyombo. Msichana gani huyo, mikono iko kwenye beseni, macho yako kwenye sufuria zangu? Nikifunika chungu, yupo. Nikigeuka kuchukua kuni, yupo. Nikajisemea, huyu anaitaka nafasi yangu.

Na nafasi yenyewe nilikuwa bado sijaipata! Ilikuwa mwaka 1954, hoteli yetu ya Kayanga imebaki bila mpishi mkuu. Mimi Adelgunda nilikuwa nimetandika vitanda, kumenya ndizi na kumsaidia mpishi kupika pale miaka tisa. Mzee Rwegoshora, mwenye hoteli, akaniambia, "Jumamosi wanakuja wanunuzi wa kahawa kutoka Bukoba. Wapikie kuku. Wakiridhika, jiko ni lako." Mwanamke kushika jiko la hoteli! Hata mume wangu alicheka.

Kuku nilijua kumpika, ila kumwonja, hapana. Kwetu mwanamke hali kuku wala yai. Anapika, wanaume wanakula. Kwa hiyo mwonjaji wangu siku zote alikuwa Novatus, mhudumu wa mezani, mtu mzima tunayesali naye kanisa moja.

Jumamosi hiyo Novatus akachota mchuzi, akafumba macho. "Bado, dada. Ongeza chumvi."

Nikaongeza. Akaonja tena. "Kidogo tena."

Alipotoka kupanga sahani, Eugenia akanisogelea. "Dada Adelgunda, usipeleke. Chumvi imezidi. Tutie ndizi mbichi, tuongeze maji."

"Umejuaje?"

Akainama, akajifuta midomo kwa kiganja.

"Ahaa! Umejuaje, nakuuliza? Au umeiona chumvi kwa macho?" Akarudi kwenye beseni lake. Basi nikajua nimemnasa. Anataka nimwagie maji kuku wa watu, wageni wanywe supu ya kuoshea mikono, halafu yeye aingie jikoni anachekelea. "Toka mbele yangu, mchawi wewe!" Nikapakua mwenyewe.

Mgeni wa kwanza alitema kwenye sahani. Wa pili akaomba maji. Mzee Rwegoshora akaja jikoni amevimba kwa hasira, Novatus nyuma yake.

"Nani alionja hiki?"

Nikamtazama Novatus. Akatazama pembeni. "Mimi sikuonja, Mzee. Nilikuwa mezani."

Jamani!

"Nilionja mimi," Eugenia akasema. "Novatus alionja pia, akamwambia dada aongeze. Nilimwonya dada, hakunisikia."

Msichana wa kijiji cha Nyabiyonza, ana mama na shangazi nyumbani, anasimama mbele ya wanaume anakiri amekula kuku! Novatus akalipuka. "Sasa mlitaka tuamrishwe na wanawake?" Kumbe alinizidishia chumvi makusudi, nisipate jiko.

Mzee akamfukuza Novatus palepale. Kisha akamgeukia Eugenia, si mimi. "Anayeonja ndiye apike. Kesho jiko ni lako."

Jumatatu nilirudi kumenya ndizi, moyo unaniuma kama kidonda. Eugenia, mkubwa wangu sasa, akaniwekea paja la kuku kwenye sahani. "Dada, siwezi kuwa na msaidizi asiyejua ladha. Onja."

Nilichungulia mlangoni, hakuna mtu. Nikauma. Yesu na Maria! Nikatafuna huku nalia kwa hasira. Miaka tisa nawapikia wanaume kitu kitamu namna hii, halafu namwuliza Novatus kikoje.