Daktari wa Kuonyesha

Alhamisi, tarehe ishirini ya mwezi wa tano 1976, sikukuu ya Chama kilichotawala nchi, Bisimwa alipiga makofi mpaka viganja vikamwaka. Makofi hayo ndiyo yanayomla hadi leo.

Jana yake mke wake Adélaïde alikuwa amepasuliwa tumbo. Daktari aliyempasua, mgeni wa siku moja, alisema imeenda vizuri. "Sasa iko mu mikono ya docteur Cirimwami." Hospitali nzima, Cirimwami peke yake ndiye aliyesomea kuchunga watu waliotoka kupasuliwa. Wauguzi walikuwa wakitania: akiingia mu salle ya wagonjwa, kifo inatokea dirishani.

Asubuhi Bisimwa, mwashi wa Bagira, alipaswa kwenda défilé, kuandamana mbele ya wakubwa, na mtaa wake. Asiyeonekana aliandikwa jina, aadhibiwe.

"Wende tu, baba watoto," Adélaïde alimwambia. "Miye nitakimbilia wapi na tumbo ya kushonwa?"

Wakapita walimu, wakapita akina mama waliojifunga vikwembe vya Chama, halafu koti moja jeupe. Kipaza sauti kikalia: "Région yetu iko na spécialiste!" Cirimwami alitembea akitazama viatu vyake.

"Unaona ule?" Bisimwa akamsukuma jirani yake Benoît. "Njo docteur wa bibi yangu!"

Akapiga makofi. Ilikuwa saa nne.

Saa nane, hospitalini, alimkuta muuguzi Yolande amekaa chini koridoni, aproni imejaa damu.

"Damu ilianza kumutoka saa ine, papa. Nilituma mutu amwite docteur. Basoda na bunduki zabo bakamufukuza: défilé haikatwi."

"Na docteur mwingine?"

"Gani mwingine, papa? Njo ule tu."

Alipomaliza kumzika Adélaïde, Bisimwa alianza kupanda ngazi za wakubwa, akiuliza nani alimtuma daktari kuandamana. Mkurugenzi wa hospitali hakumpa hata kiti: "Jina lilitoka zone." Huko zone, ofisi ya wilaya: "Uliza région." Huko région, ofisi ya mkoa, bwana mmoja mwenye shingo nene alimjibu akitafuna karanga:

"Citoyen, sisi tuliomba daktari mumoja wa kuonyesha. Hospitali njo ilichagua."

Akarudi hospitali. Mkurugenzi akatoka kwa mlango wa nyuma. Cirimwami mwenyewe alisimama naye uani, macho mekundu. "Papa, miye nilikuta tu jina langu ku karatasi."

Wote wameshiba, wote wana kalamu mfukoni, na hakuna aliyeandika! Tangu siku ile, kila sikukuu ya Chama Bisimwa haendi kuandamana. Waandike jina lake wakitaka. Anasimama mlangoni pa mkurugenzi na kuuliza lile lile:

"Mulikuwa naye mumoja tu. Nani alishika bic, akamwandika?"