Sauti Yenye Maji Nyuma Yake

"Hivi jirani, taa ikiwaka humu ndani, wewe unajuaje umeme wake umetoka wapi?"

Aliyeuliza ni fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke asiyejua kunong'ona, siku alipokuja kuazima mkasi akakaa mpaka chai ikaisha. Aliyeulizwa alicheka tu.

"Haujulikani," alisema. "Ukishaingia kwenye waya, umeme wa maji, wa jua na wa upepo unakuwa kitu kimoja. Mwaga ndoo tano kwenye pipa, halafu uchote kikombe uulize kimetoka ndoo ipi."

Jibu lilikuwa la kweli, ndilo alilofundishwa kazini. Lakini moyoni alijiona kama aliyedanganya. Maana zilikuwepo jioni ambazo taa ya jikoni ikiwaka, yeye alisimama chini yake na sufuria mkononi, akasikia maji.

Kazi yake ilikuwa kwenye chumba kikubwa kisicho na dirisha, ambamo nchi nzima ilichorwa ukutani kwa mistari na vitaa vidogo. Humo ndimo umeme wa nchi ulimogawiwa. Chumba kiliitwa Kati, na aliyeshika simu ya zamu naye aliitwa Kati. Upande wa pili wa simu hakuna aliyeitwa kwa jina lake pia. Kulikuwa na Bwawa, Mvuke, Upepo, Jua na Dizeli, kila mmoja na kituo chake, mbali huko alikowekwa.

Wote hao mwanamke huyu alikuwa hajawahi kuwaona. Aliwajua kwa kile kilichokuwa nyuma ya sauti zao. Mvuke, anayechota joto kutoka tumboni mwa ardhi, alizungumza kama mtu aliyekaa karibu na birika kubwa lisiloepuliwa. Upepo alikuwa mwanamke mwenye kikohozi, sauti yake ikija na kuondoka kwa kadiri mapanga yalivyozunguka. Jua alikuwa mpole, nyuma yake hapasikiki kitu ila ndege, kwani vioo vyake havina kelele. Dizeli alipiga makelele hata asipokasirika. Injini zilishamla masikio. Na Bwawa nyuma yake palikuwa na maji. Maji mengi, yanayoanguka bila kuchoka, na katikati ya maji hayo sauti ya mwanamume anayezungumza polepole, kana kwamba kila neno amelisuuza kwanza.

Katika kazi hiyo iko sheria moja inayotangulia hata salamu: amri haitekelezwi mpaka irudiwe. Kati akisema, "Dizeli, zima injini ya tatu," Dizeli naye sharti aseme, "Kuzima injini ya tatu." Hapo Kati anajibu, "Sahihi," simu inawekwa chini, injini inazimwa. Isiporudiwa, amri haipo. Ikirudiwa na kujibiwa sahihi, hakuna tena habari ya sikuelewa wala sikukusudia. Hata kufuta amri, kule kufuta nako kunarudiwa, la sivyo ile ya kwanza inabaki pale pale. Sheria haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Huku mtu anasema washa, na kule fundi ameshika waya kwa mikono yake miwili na ana watoto nyumbani.

Sheria hiyo ilimfuata Kati mpaka nyumbani, kwenye vyumba viwili alivyoishi na mama mkwe wake. Mumewe alikuwa fundi wa nguzo, mtu wa kupanda juu na kushuka salama kila siku ya Mungu, na wala si umeme uliomuua, ni homa. Baada ya mazishi ndugu walimwambia arudi kwao akajipange upya. Hakurudi. Bibi yule alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na sasa hakuwa naye, angemwachia nani?

"Mama, dawa nusu kidonge, ukishakula."

"Dawa nusu kidonge, nikishakula," bibi aliitikia, haachi kufuma kitambaa chake.

"Sahihi."

"Sahihi yako ipeleke kazini huko. Haya, nambie. Leo nani katuwashia?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yao ya kila jioni. Kati alivua viatu akamsimulia: asubuhi Upepo alinuna, mapanga yakalala; Jua akaamka akatubeba hadi mchana; likapita wingu moja jeusi, ikabidi Dizeli aitwe mbio mbio, akalalamika kama kawaida yake. Bibi alisikiliza kama anayesikiliza habari za ukoo. Alimpenda Mvuke kwa kuwa hakosi kazini. Jua alimwita mvivu mwenye bahati. Habari za Bwawa alizisubiri mwisho, na hapo sindano ya kufumia ilienda taratibu zaidi.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Maji yakashuka, mashine za Bwawa zikasimamishwa moja moja, na sauti ile haikupigiwa tena simu, kwa kuwa haikuwa na cha kutoa. Nchi iliendeshwa kwa mvuke na mafuta na lolote walilojaliwa na anga. Kati aliingia zamu, akatoa amri, akarudi nyumbani. Katika sala zake aliomba mvua, kama watu wote walivyoomba. Mungu peke yake ndiye aliyejua kwamba yeye aliliombea hata sikio lake.

Kisha mvua ilinyesha, ikanyesha, ikawa kana kwamba kuna aliyesahau kuifunga. Jioni moja, wakati ule ambao Jua huwa anashusha mzigo wake na mwingine hana budi kuupokea, Kati aliinua simu.

"Bwawa, hapa Kati. Jua anashuka. Washa mashine ya pili, megawati thelathini."

"Kuwasha mashine ya pili, megawati thelathini."

"Sahihi."

Simu haikukatwa. Maji yalivuma ndani yake, mazito, mapya, na Kati akahisi chumba kile kisicho na dirisha kimefunguliwa upande mmoja.

"Kati."

"Naam."

"Bwawa anataka kumuoa Kati."

Hapo mwanamke mwingine angecheka, au angesema nipe muda. Yeye macho yake yalikuwa ukutani, ambako kitaa cha mashine ya pili kilikuwa kinapepesa kabla ya kutulia. Mdomo ukafanya ulichozoea.

"Bwawa anataka kumuoa Kati," alirudia.

"Sahihi," ilisema sauti. Simu ikakatwa.

Mkuu wa zamu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aligeuza kiti chake.

"Dada, mimi ni shahidi. Umerudia."

"Nimerudia kwa mazoea tu!"

"Nani humu ndani asiyerudia kwa mazoea? Dizeli anarudia akiwa nusu usingizini, na injini inazimika vile vile."

Kati alirudi nyumbani roho juu juu. Njia nzima taa za barabarani zilimtazama kama zinazojua. Alimpenda mtu yule, hilo hakuweza kulificha mbele ya Muumba wake; alimpenda jinsi mtu anavyopenda mahali alipopaona ndotoni. Lakini bwawa liko safari ya kutwa nzima, na nyumbani kuna mama aliyebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwambia dawa nusu kidonge. Utaanzaje kumwambia mama aliyemzika mwanawe kwamba mahali pa mwanawe pamepata mtu? Akaazimia kunyamaza, jambo life lenyewe.

"Leo nani katuwashia?" bibi aliuliza.

Kati alisimulia. Upepo, Jua, Mvuke, hata Dizeli na maudhi yake. Kisha akainuka kwenda kuosha vyombo.

"Na Bwawa?"

"Yupo, Mama."

Jioni iliyofuata Kati aliwataja wote, ila Bwawa alimruka tena. Na iliyofuata vivyo hivyo. Sindano ya bibi ilisimama kila mara pale pale.

Siku ya mapumziko ya Kati, mchana, fundi cherehani alichomoza kichwa mlangoni, utepe wa kupimia bado uko shingoni.

"Jirani! Kuna mwanamume huku nje ameshuka kwenye gari lenye matope mpaka kwenye paa. Anamuuliza Kati. Nimemwambia hapa hakuna Kati, labda katikati ya barabara. Hakucheka."

Aliyeingia alikuwa mtu mfupi, masikio makubwa, shati limepigwa pasi likakunjamana tena safarini. Kati alikuwa amemwazia mrefu. Alimwamkia bibi kwa heshima, akaketi ukingoni mwa kiti, magoti yamebanana. Na sauti yake, jamani, ilikuwa uchi. Hapakuwa na kitu nyuma yake. Kati alimtazama akaona mgeni, akaingiwa na huzuni aliyoshindwa kuieleza, kama mtu aliyeamka akakuta amesahau ndoto yake.

"Nimekuja kwa lile jambo," mgeni alisema. "Ndugu zangu watafuata. Nimeona kwanza nije mwenyewe, mkuu wa zamu akanielekeza nyumba."

"Jambo gani?" bibi aliuliza.

Kati alimwahi mgeni. "Mama, si jambo. Ni kosa la simu. Alisema neno nami nikarudia, si unajua mazoea yetu. Sikuwa nimefikiri."

Mgeni aliinamisha kichwa. Wakati huo huo fundi cherehani, aliyejitia kwamba ana shughuli uani ilhali sikio limebaki huku, alifungua bomba kujaza pipa lake. Maji yakaanguka, kwanza kwa mlio wa bati tupu, kisha mazito.

"Basi," mgeni alisema, na sasa maji yalikuwa nyuma yake, "sikuja kumlazimisha mtu."

Kati aliinua uso. Alikuwa ni yeye. Kiti kile kile, masikio yale yale, lakini chumba kilifunguka upande mmoja, na ukungu mwembamba ukaingia, na taa ya dari isiyowashwa ilionekana kama itawaka yenyewe.

"Amri imefutwa," alisema Bwawa. "Bwawa hamuoi Kati. Rudia, nipate kuondoka kwa amani."

Kati alifungua mdomo. Mdomo uliorudia maelfu ya amri, za mafuta na za upepo, bila kukosea hata moja, ulibaki wazi. Uani pipa lilikuwa linajaa.

"Rudia," Bwawa alisema tena, chini zaidi.

Kati alimtazama mama mkwe wake, machozi yakilengalenga, kisha akatazama sakafu. Hakurudia.

"Harudii," bibi alisema. Aliweka kitambaa chake mapajani, akamgeukia mgeni. "Na isiporudiwa inakuwaje?"

"Ile ya kwanza inabaki pale pale, Mama."

"Ndivyo nilivyosikia. Miaka yote nasikia mambo ya huko, mtu angedhani nami nina mashine chumbani." Akamtazama mkwewe, macho makavu. "Na wewe! Siku zote hizi unamruka Bwawa kama shimo njiani, unadhani mimi mtoto? Ulidhani nitakufa nikisikia?"

"Mama, nitakuachaje hapa peke yako?"

"Nani kasema hapa?"

Bomba la uani lilifungwa ghafla, na mtu angeweza kuapa kwamba huko nje kuna sikio limebanwa ukutani.

"Wewe," bibi alimwelekezea Bwawa sindano yake ya kufumia. "Hiyo nyumba yenu huko ina vyumba vingapi?"

"Vinatosha, Mama. Kimoja dirisha lake linaangalia maji."

"Sikiliza basi vizuri. Bwawa akimchukua Kati, anamchukua na mama yake. Rudia."

Mtu mfupi yule alisimama wima, kama anayesimama mbele ya mashine yake.

"Bwawa akimchukua Kati, anamchukua na mama yake."

"Sahihi," alisema bibi.

Akaviringisha uzi kwenye kitambaa chake, akakitia kwenye mfuko pamoja na dawa zake, akachukua picha ya mwanawe ukutani, akaipangusa kwa kiwiko na kuikumbatia kifuani. Akavaa viatu. Kisha akatoka, akampita fundi cherehani aliyeachama mdomo mlangoni, akaenda kukaa kiti cha mbele cha lile gari la matope, upande wa dirisha.