Saa ya Mama Sesilia Haishiki Gare

Siku ile nilipoingia duka la kampuni ya simu ya Paza pale Lushoto mjini nilikuwa nimejiapia njia nzima kwamba sitatukana mtu. Mimi si mtu wa matusi. Mwaka wa ishirini na mbili huu nazunguka vijiji vya huku juu nachanja ng'ombe, na ng'ombe akikupiga teke humtukani. Unasogea pembeni, unamtania mwenye ng'ombe, kazi inaendelea. Ndivyo watu wanavyonijua: Daktari Alphonce, diploma ya mifugo na maneno ya harusini.

Lakini asubuhi ile nilikuwa na saa ya mama yangu mfukoni. Mama mwenyewe alikuwa kitandani Gare, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini, mke wangu Bertha amekaa naye. Na mdogo wangu Lucy alikuwa kwenye basi anatoka Dar kuja kumchukua.

Nianzie nyuma kidogo.

Mama yangu anaitwa Sesilia, ana miaka sabini na sita, na toka baba afariki anakaa peke yake kwenye nyumba yetu chini ya misheni. Kumtoa pale tumejaribu sana. Lucy alimtengenezea chumba kwake Dar, chumba cha feni na godoro nene, akatuma picha. Mama akaiangalia picha, akairudisha.

"Chumba kizuri," alisema. "Atakaa nani?"

Ndipo Lucy akaleta saa. Siyo saa ya kutazama muda tu. Ina laini yake humo ndani, unapiga na kupokea simu mkononi bila kubeba simu, na ukibonyeza kitufe cha pembeni bila kuachia inawapigia watoto wako wote kwa mpigo. Akaleta na simu ya tachi ya kuiendeshea, namba moja kwa vyote viwili. Akatoa na sharti.

"Mama akivaa hii na ikafanya kazi, anabaki Gare. Isipofanya kazi anakuja kwangu, na wewe kaka usinibishie."

Nikakubali. Mama naye akakubali, akanyoosha mkono kama anayepimwa presha.

Kuiunganisha nilikwenda mimi. Elfu kumi na tano kila mwezi, mbali na bando la simu, inakatwa yenyewe kwenye laini yangu tarehe moja. Nilimeza mate. Nikamuuliza binti wa dukani, Ilham, "Gare inashika?"

"Popote penye mnara wetu, baba."

Mnara wao, ukisimama mlangoni kwa mama, unauona kilimani ng'ambo. Nikamwambia basi mama yangu ni jirani yenu, mpunguzieni bei. Tukacheka, nikasaini. Nikaenda kuijaribu sebuleni kwa mama, simu iko mezani, nikabonyeza kitufe. Simu yangu ikaita, ya Lucy ikaita kule Dar. Nikapiga makofi kama mjinga.

Miezi mitano tukawa na amani. Mimi nampigia mama jioni, anapokea. Lucy anampigia mchana, anapokea. Nikawa natamba ofisini kwamba kuna bibi Gare ana saa kumshinda mkurugenzi.

Kumbe mama hakuwahi kupokea simu hata moja kwenye ile saa. Saa ikitetemeka mkononi alikuwa anafungua pindo la kanga, anatoa simu, anaweka sikioni. Niligundua akiwa ameshaumia, nikamuuliza kwa nini.

"Mtoto ananipa shikamoo," alisema, "halafu niitikie kwenye kifundo cha mkono kama natafuta mwiba? Nimewalea hivyo mimi?"

Kwa hiyo simu ilikuwa inakwenda naye shambani, kanisani, kisimani. Na saa ilikuwa inaongea kupitia simu iliyo karibu yake, siyo kupitia mnara. Tulikuwa tunalipia bawa la kuku tukidhani anaruka.

Jumanne umeme ulikatika, simu ikazima. Mama akaipeleka kwa jirani yake Raheli mwenye sola. Raheli akamwambia ngoja ijae kidogo ndiyo ushuke bondeni. Mama akamwonyesha mkono.

"Ninayo saa."

Akashuka kukata majani ya gwatemala ya kulishia mifugo. Mvua ilikuwa imenyesha, tuta limelainika. Aliteleza, akapita tuta la kwanza, akapita la pili, mguu ukakunjika chini yake. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Anasema aliisemesha saa kwa Kiswahili, akaisemesha kwa Kishambaa, mwisho akaisomea Salamu Maria. Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka, lakini mto pale una kelele. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alikaa kwenye tope, manyunyu yanamwagikia, mpaka Raheli aliporudisha simu, akakuta mlango wazi na nyumba tupu, akashuka kumtafuta.

Mguu haukuvunjika, uliteguka. Kilichovunjika ni sharti la Lucy.

Sasa turudi dukani.

"Shikamoo baba," Ilham akasema.

"Marahaba. Niitie mkubwa wako."

Alikuwapo, bahati yake mbaya. Idrisa, meneja aliyepanda kutoka Tanga kukagua maduka, shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nikaweka saa mezani, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza vizuri, anatikisa kichwa mahali pa kutikisa. Halafu akamwambia Ilham aangalie kwenye kompyuta.

"Iko sawa," Ilham alisema.

"Iko sawa wapi?" nikauliza.

"Kwenye mfumo, baba."

"Mzee wangu, karibu kiti kwanza," Idrisa akasema.

"Sikai. Mama yangu amekaa kwenye tope masaa matano, inatosha kwa ukoo mzima."

Watu kwenye foleni wakacheka. Siku nyingine ningewaongezea. "Msicheke," niliwaambia. "Leo sichekeshi."

Idrisa akashusha sauti. "Mzee, huduma ya saa kwa sasa ipo Dar, Dodoma, Arusha na Mwanza. Minara ya huku inashika simu vizuri tu, ila haijawezeshwa kwa saa. Ni mitambo tofauti."

"Haijawezeshwa tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na tangu mwanzo mnajua."

"Ipo kwenye masharti, mzee. Ukurasa wa tatu."

Akanifungulia. Kweli ilikuwapo, herufi kama mayai ya chawa. Nikageuza ukurasa wa kwanza, nikaweka kidole. "Na hapa pameandikwa nini? Makazi ya mtumiaji: Gare. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu," Ilham akasema polepole. "Mfumo haukukataa. Ukikubali, sisi tunaendelea."

"Hela mfumo ulikataa?"

Nikamgeukia Idrisa.

"Wewe meneja, nikuulize. Nikija kwenu nikachanja ng'ombe wako chanjo ninayojua haifanyi kazi kijijini kwenu, nikakutoza miezi mitano, ng'ombe akaanguka, utaniita nani?"

"Mzee, tusifananishe na ng'ombe."

"Ni kweli, tusifananishe. Ng'ombe wa mtu akifa mimi naitwa polisi. Wewe unaniita mzee wangu na kunipa kiti!"

Akavuta pumzi, akajaribu tabasamu la kwenye mabango. "Naelewa hasira yako. Kampuni inaweza kukufidia dakika mia tatu, mitandao yote, bure."

Nilipiga ile meza mpaka kalamu zikaruka. Sijui mkono ulitoka wapi. "Dakika! Unajua masaa matano ni dakika ngapi? Ni hizo hizo mia tatu! Zote alizitumia bondeni pale na hamkumpa hata moja!"

Mlinzi akaingia, akanitazama, akanitambua. Nilimtibia mbuzi wake mwezi uliopita. Akatoka tena nje akasimama, mgongo kwetu.

Nikajituliza. Nilimwambia Idrisa sikuja kwa ajili ya hela, ingawa hela nazitaka. Nilitaka kitu kimoja. Dada yangu yuko njiani, akifika anamchukua mama. Mnara ule mnaweza kuuwezesha lini?

"Mpango upo, mzee."

"Lini?"

"Siwezi kukupa tarehe."

"Basi mama yangu anahamishwa nyumbani kwake kwa sababu wewe huna tarehe."

Akaangalia kitambulisho chake, kana kwamba jibu limeandikwa pale. Nikachukua saa, nikatoka.

Ilham alinikimbilia mpaka kwenye pikipiki. "Baba, nisamehe. Mimi mwenyewe sijawahi hata kuivaa. Tuliambiwa kila duka liuze kumi kwa mwezi, tusipofikisha wanatukata mshahara."

Neno kali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ana umri wa binti yangu wa kwanza. Nikalimeza, likapita kama mfupa.

"Umeuza ngapi huku milimani?"

"Saba, pamoja na ya kwako."

"Wapigie hao sita. Leo leo. Waambie wasiachane na simu."

"Meneja atanifukuza."

"Akikufukuza njoo nikufundishe kuchanja ng'ombe. Wapigie."

Lucy alifika saa kumi jioni. Tuligombana uani kwa mama kama watoto, yeye na viatu vyake vya Dar vimejaa udongo mwekundu.

"Tulikubaliana, kaka! Isipofanya kazi anakuja kwangu."

"Kilichoshindwa ni saa, mama hajashindwa kitu!"

"Angekufa pale! Ungenipigia unaniambia nini? Kwamba mtandao ulikuwa unasumbua?"

Nikapandisha sauti. Nikamwambia yeye ndiye aliyeleta madude. Akaniambia mimi ndiye niliyeyalipia bila kuyajaribu nje ya sebule. Alikuwa na haki, na hilo likaniudhi kuliko Paza nzima.

Mama akaita kutoka ndani. Tuliingia tumeinamisha vichwa.

"Nilikubali sharti?" akauliza.

"Ulikubali, mama," Lucy akasema.

"Basi kelele za nini? Bertha, nitolee lile begi juu ya kabati."

Asubuhi yake alibebwa mpaka kwenye gari la kukodi bila kugeuka nyuma. Ningeona nafuu kama angelia. Alikaa wima, mikono mapajani, saa mkononi, maana Lucy alisema ivaliwe tu, Dar inashika.

Na kweli ikashika. Siku ile ile walipofika, kampuni ilinitumia ujumbe: Hongera, saa yako sasa imeunganishwa na huduma kamili! Niliusoma mara tatu. Mwanamke wa watu peke yake kwenye makorongo, hapati. Akiwekwa kwenye fleti yenye mlinzi, jirani kushoto, jirani kulia, binti jikoni, anapata huduma kamili. Bei ile ile.

Siku ya tisa nilikuwa Bumbuli, mkono wangu uko ndani ya ng'ombe anayezaa kwa shida, simu ikaita. Mwenye ng'ombe akanishikia sikioni. Ni mama. Tukasalimiana, sauti inasikika safi kama yuko ndani ya shati langu.

"Mama, niko na ng'ombe. Kuna nini?"

"Mlisema nikiwa kwenye shida nibonyeze hiki kitufe?"

"Umeanguka?"

"Nitaangukia wapi? Kila upande kuna kochi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mguu umepona, juzi nimepanda ngazi na kushuka mara nne, mlinzi anashuhudia."

"Sasa shida ni nini, mama?"

"Shida ni huku niliko. Nimebonyeza. Njoo unichukue."

Nyuma yake nikasikia Lucy anakuja mbio, simu yake nayo inalia. "Mama! Mbona unanipigia na mimi niko hapa jikoni?"

"Kinawapiga wote, si mlitaka wenyewe? Kaa chini. Nilikubali kuja kama saa haifanyi kazi. Sasa inafanya kazi. Narudi kwangu."

"Mama, inafanya kazi huku tu!"

"Sharti halikusema wapi."

Lucy akasogea karibu na saa. Alipoongea hakuwa anaongea na mama. "Kaka, uko kwenye laini? Nijibu wewe. Akianguka tena kule, nani atajua?"

Ndama alikuwa anatokeza miguu. Nilitaka kutaja Raheli, nilitaka kutaja mnara, mpango upo. Kutoka nyumba niliyopanga mjini mpaka Gare haifiki saa moja kwa pikipiki, na miezi mitano nimelipa watu wa Paza wamwangalie mama yangu kwa niaba yangu. Hasira niliyokuwa naibeba kuwapelekea wengine ikanigeukia. Nikasikia uso unawaka, mikono yote haina nafasi ya kuufuta.

"Mimi nitajua," nikasema. "Tunahamia Gare, mimi na Bertha. Kazini nitakuwa natokea huko huko."

"Bertha amekubali?"

"Bertha alishaniambia toka Jumanne ile. Mimi ndiye niliyekuwa nagombana na watu wa dukani."

"Sawa," Lucy akasema, kwa sauti ya mtu anayefuta machozi na hataki ijulikane. "Lakini uje umchukue wewe mwenyewe. Mimi sitamsindikiza."

"Keshokutwa nafika."

"Kesho," mama akasema. "Maharage yangu hayajui keshokutwa."

Simu ikakatika. Mwenye ng'ombe akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, shika mkia vizuri, vuta ninapovuta.