Wimbo Ulioanzia Juu Mno

Alhamisi daktari alimpa Lebusa fomu na siku nne za kufikiri. Saratani ilikuwa imeshika koromeo lote. Lisipotolewa, daktari hakuahidi kwamba Lebusa angefika msimu wa mavuno. Likitolewa, angepumulia tundu la shingoni, na kuimba ndiyo kwaheri.

Lebusa aliikunja fomu akaitia mfukoni. Kanisani kwao, huko Mafeteng, hakukuwa na kinanda. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, wengine wakafuata.

"Sitii sahihi, Mama Puleng," alimwambia mkewe Jumamosi wakila. "Sauti hii alinipa Mungu. Akiitaka, aichukue pamoja na mimi."

"Na mimi alikupa nani? Au nilishuka tu kwenye basi la Maseru?"

Lebusa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi kilichomwinamisha juu ya sahani. "Mungu anaweza kuniponya bila kisu," alisema alipopata pumzi.

"Anaweza. Namwomba hivyo tangu Alhamisi mpaka magoti yamechubuka. Lakini na yule daktari naye, sikumwumba mimi."

Lebusa alisukuma sahani kando. Mama Puleng alimjua mumewe. Kumpigia kelele ni kazi bure. Alikwenda kukunja mablanketi, akasali bila maneno mengi: Bwana, chukua sauti, niachie mtu.

Jumapili mchungaji alitaja wimbo wa pili. Lebusa alisimama, akaweka sawa begani blanketi lake la kuvaa kanisani, akafungua kinywa. Ulitoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Watu wakatazama viatu vyao. Wanaume wa benchi lake wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuanzisha wimbo, wote walikuwa wakimwegemea yeye.

Mama Puleng alimwona mumewe akishika benchi ili aketi. Akajua kwamba akiketi hivi, hatainuka tena, si kwa wimbo wala kwa hospitali. Akasimama katikati ya wanawake, akaanza yeye.

Alianzia juu mno. Kufika mstari wa pili wanawake walikuwa wakinyoosha shingo. "Shusha, mwanangu, utatuua," bibi mmoja alinong'ona nyuma yake. Mama Puleng hakunyamaza.

Ndipo aliposikia kofi. Lebusa alikuwa akipiga kitabu cha nyimbo kwa kiganja, polepole, akiwarudisha. Akainua mkono, kanisa likatulia. Akamtazama mkewe na kuonyesha sakafu kwa kidole. Mama Puleng akaanza upya, chini kidogo. Lebusa akatikisa kichwa. Mkewe akashuka tena. Hapo kiganja kikapiga kitabu, sauti nzito za wanaume zikaingia, na kanisa zima likaingia nazo. Beti zote nne Lebusa aliziongoza kinywa kimefungwa.

Njiani wakirudi nyumbani Lebusa alisema, kwa sauti iliyokwaruza, "Ulianza kama mtu anayefukuza kuku."

"Ningejuaje? Mwalimu mwenyewe ameamua kufa."

Walipoingia nyumbani, Lebusa alitoa fomu, akainyoosha mezani, akatia sahihi taratibu, kila herufi.

"Usivimbe kichwa," alisema. "Sifanyi kwa ajili yako tu. Mkono wangu bado wanaufuata, umeona. Lakini mkono hautoi noti ya kwanza ya wimbo; hiyo utaitoa wewe."

Mama Puleng alitaka kulia, ila Lebusa alikwisha kumvutia kiti.

"Basi la kwenda hospitali linaondoka kesho alfajiri. Sauti imebaki kidogo. Keti hapa."

Alifungua wimbo wa kwanza, akatoa noti. Mama Puleng akaidaka.

"Chini."

Akajaribu tena.

"Hapo. Shika hapo hapo."

Waliendelea hivyo ng'ombe wakirudi kutoka malishoni, chai ikipoa mezani. Sauti ya Lebusa ilipungua wimbo kwa wimbo, hata ikabidi Mama Puleng aweke sikio karibu na midomo yake ili aipate.

"Umechoka, Baba Puleng. Zimetosha."

"Wa thelathini na mbili," alisema Lebusa, akigeuza ukurasa.