Swali kwa Kiti Kitupu

Miaka kumi na tisa ya kuwafuata wanasiasa kwenye ngazi, korido na milango ya magari ilimfundisha mwandishi yule wa televisheni jambo moja: mkubwa hukimbia swali, hakimbii kamera. Ndiyo maana asubuhi ile waziri alikubali kuketi naye, na ndiyo maana aliteleza.

Mwandishi alimuuliza kama wizara ilijua nguzo za daraja zimepasuka kabla halijaanguka na kuua watu kumi na mmoja. Waziri, jicho moja kwenye saa yake, akajibu, "Tulijua. Tulijua kabisa, na hatua zilikuwa zinachukuliwa." Kisha akaenda zake.

Kituo kilikuwa na kamera moja tu ya mahojiano. Kwa hiyo mgeni akishaondoka, kamera hugeuzwa, naye mwandishi huyarudia maswali yake mbele ya kiti kitupu, yaje kuunganishwa na majibu. Ni kazi ya dakika tano na haina dhambi. Siku hiyo, hata hivyo, mhariri mkuu alikuja mwenyewe na kikaratasi. Alitaka swali jingine: je, mlijua wananchi wanahitaji daraja jipya? Jibu lingebaki lilelile, na waziri angetoka msafi kama sahani iliyooshwa.

Mwandishi alikisoma, akakikunja, akakikazia macho kiti na kuuliza swali lake la kwanza. Mhariri akaagiza arudie. Akarudia, neno kwa neno. Mpiga picha, mtu asiyecheka ovyo, akauma mdomo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mhariri akasema kwa upole wa kutisha.

"Guu ni langu, bosi."

Alijua anachohatarisha, maana kazi ile ndiyo iliyowalisha yeye na mama yake. Lakini hasira ilishaizidi hofu. Watu wamekufa, halafu yeye ndiye awaoshe waliojua?

Mhariri akaamua jibu litumike bila swali. Kwenye taarifa ya saa saba mchana, mwandishi angesimama mubashara nje ya wizara, aseme waziri anatambua haja ya daraja jipya, kisha anyamaze. Alichosahau ni mazoea ya fundi mitambo wake: mwandishi akinyamaza tu, kidole kinabonyeza picha inayofuata, bila kusubiri amri ya mtu.

Saa saba ikafika. Mwandishi akaitazama kamera.

"Nilimuuliza waziri kama wizara ilijua nguzo zimepasuka kabla daraja halijaua watu."

Akanyamaza. Kidole kikabonyeza.

"Tulijua," akasema waziri, nchi nzima ikisikia. "Tulijua kabisa."

Mhariri alikuwa akifoka sikioni mwa mwandishi. Mwandishi akakichomoa kile kidude cha sikio, akavua kitambulisho shingoni, akamkabidhi mpiga picha vyote viwili. Simu ikaita. Alikuwa mama yake, ambaye hakosi taarifa hata moja.

"Nimekusikia, mwanangu. Na yeye nimemsikia."

"Nadhani kazi imekwisha, Mama."

"Imekwisha vizuri. Rudi nyumbani."

Gari la kituo halikuwa lake tena, basi akaenda kwa miguu, yote miwili mizima.